UZI: Kangaga si babu wa mwembe. Tuongee mageuko ya mimea ya nchi kavu

Mleta uzi

Salamu wakuu.

Kuna kauli naikuta kila mahali, hata kwa watu waliosoma bayolojia mpaka chuo kikuu: kwamba mosi, vile vimimea vifupi vya kijani vinavyofunika mawe na magogo yenye unyevu, ni mmea wa zamani ulioshindwa kuendelea. Wenzake waliendelea wakawa makangaga, makangaga yakawa misonobari, misonobari ikawa miembe. Sekondari tulikariri Bryophyta, Filicinophyta, Coniferophyta, Angiospermophyta kwa mpangilio huohuo, mtihani ukapita, na kichwani ikabaki picha ya mimea iliyopanga foleni, mwembe mbele, mosi nyuma.

Picha hiyo si ya kweli, na inaniuma kwa sababu inatufanya tudharau sehemu kubwa ya uhai ulio katika misitu yetu. Mosi ya leo na mwembe wa leo wana babu mmoja, na tangu waachane naye wamebadilika kwa muda uleule, karibu miaka milioni 500. Hakuna aliyesimama njiani. Kilichowatenganisha ni namna kila ukoo ulivyokabiliana na tatizo moja: maji, hasa maji yanayohitajika ili chembe ya kiume ilifikie yai.

Tuanze mwanzo. Babu huyo alikuwa mwani wa kijani wa maji yasiyo na chumvi. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani haumo katika habari hii. Ule ni mwani mwekundu, jamaa wa mbali sana. Jamaa wa karibu ni kundi la spirojira, zile nyuzi za kijani zinazoteleza kwenye madimbwi na mifereji. Zamani wengi walimdhania mwani mwingine, kara, kwa kuwa kwa umbo anafanana zaidi na mmea. Ulinganisho mkubwa wa jeni uliochapishwa mwaka 2014 ukawapa nafasi hiyo akina spirojira. Hapo tu unaona kwamba kupanga ukoo kwa kutazama sura ni hatari.

Dalili za kwanza za mimea nchi kavu ni spora, zile chembe ndogo kama vumbi ambazo mmea usio na mbegu huzaa kwazo, zilizopatikana Argentina kwenye miamba ya karibu miaka milioni 470. Spora tu, bila shina wala jani, kwa sababu ukuta wa spora ni mgumu na hauozi upesi. Mimea mizima inaonekana baadaye, karibu miaka milioni 430 iliyopita: Cooksonia, kijiti cha sentimita chache kinachogawanyika mara mbili mbili, bila jani, na kwenye ncha zake vifuko vya spora. Basi. Huo ndio uliokuwa msitu wa wakati ule.

Mahali ninapopapenda kuliko pote katika historia hii ni kijiji cha Rhynie, Scotland. Mwaka 1912 daktari wa tiba aliyependa miamba, William Mackie, alikuta huko jiwe lenye mimea iliyozamishwa na maji ya chemchemi za moto yenye silika, karibu miaka milioni 407 iliyopita. Silika iliingia kwenye mimea kabla haijaoza. Ukilikata jiwe jembamba na kuliweka chini ya hadubini unaona seli moja moja, stomata (vitundu vya kupitishia hewa), mishipa ya maji, na ndani ya seli hizo unaona kuvu. Si kuvu wa ugonjwa peke yake. Wamo waliokuwa wakishirikiana na mmea, wakiuletea madini ya udongoni na kulipwa sukari. Mimea ile haikuwa na mizizi ya kweli. Ushirikiano na kuvu ulikuwepo tayari, na mpaka leo mimea mingi ya nchi kavu, mahindi na mihogo ikiwemo, inaishi kwa mkataba huohuo.

Sasa uzazi, maana ndiko hoja yangu iliko.

Mosi unayoiona ina seti moja ya kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Inatoa mayai na chembe za kiume zenye mikia. Mvua ikinyesha au umande ukitua, chembe hizo zinaogelea mpaka kwenye yai. Yai likirutubishwa linaota palepale juu ya mama: kijiti chembamba chenye kifuko kichwani. Kijiti kile ni kizazi cha pili, chenye seti mbili za kromosomu, na maisha yake yote kinalishwa na mama. Kinatoa spora, spora inaota, mosi inapatikana tena.

Kwa kangaga mambo yamegeuzwa. Mmea mkubwa unaouona ndio wenye seti mbili. Kizazi kile kingine ni kijani kidogo chembamba, mara nyingi hakifiki sentimita moja, kinachojitegemea juu ya udongo mbichi. Watu wanaopita kwenye makangaga miaka nenda miaka rudi hawajawahi kukitazama. Nacho kinahitaji maji ili chembe za kiume ziogelee.

Aliyeunganisha mambo haya ni Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, mfanyabiashara wa vitabu na muziki ambaye hakupita chuo kikuu. Mwaka 1851 alionyesha kwamba mzunguko wa vizazi viwili ni mmoja kuanzia mosi mpaka misonobari, isipokuwa kizazi kimoja kinakua na kingine kinapungua. Hiyo ni miaka minane kabla Darwin hajachapisha kitabu chake cha 1859.

Katika mimea ya mbegu kizazi kidogo hakijatoweka. Kimefichwa. Cha kiume kimo ndani ya punje ya chavua, cha kike ndani ya kile kitakachokuwa mbegu. Chavua inabebwa na upepo au mdudu, kwa hiyo mmea hausubiri tena mvua ili kuzaa. Mbegu za kwanza tunazijua kutoka miamba ya miaka milioni 365 hivi. Kuanzia hapo mimea iliweza kuzaliana hata mahali palipo pakavu.

Maua yalikuja mwisho, na yana jambo la ajabu ambalo Sergei Nawaschin aliligundua Kiev mwaka 1898: chavua inaleta chembe mbili za kiume. Moja inarutubisha yai. Ya pili inaungana na viini vingine viwili na kutengeneza chakula cha mtoto, yaani endospemu. Unga wa sembe ni endospemu. Wali ni endospemu. Maji ya dafu ni endospemu ambayo bado haijagawanyika seli, na nyama ya nazi ni endospemu iliyokwisha kugawanyika. Binadamu tunaishi kwa chakula kilichoandaliwa watoto wa mimea.

Naishia hapa kwa leo. Karibuni.

Mchangiaji, Mbinga

Mkuu asante kwa uzi mzito. Huku kwetu Ngaka wanachimba makaa ya mawe. Nimesoma mahali kwamba makaa ya mawe ni ile misitu ya kale ya Carboniferous yenye miti mikubwa ya Lepidodendron. Ndiyo hii tunayopakia kwenye malori?

Mleta uzi

Hapana mkuu, na nafurahi umeuliza, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa makaa ya Ulaya na Marekani kisha sisi tunayachukua maelezo yake kama yalivyo.

Makaa ya Uingereza, Ujerumani na mashariki mwa Marekani yametokana kwa kiasi kikubwa na vinamasi vya miaka milioni 359 hadi 299 iliyopita, ndiyo Carboniferous hiyo. Huko Lepidodendron alifika mita 30 na zaidi, naye hakuwa na mbegu. Alizaa kwa spora. Jamaa zake waliobaki leo ni vimimea vidogo kama selajinela, ambavyo ukitembea Usambara unaweza kuvikanyaga ukidhani ni mosi.

Makaa ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira ni ya miamba ya Karoo, ya kipindi cha Permian, baadaye kidogo. Wakati huo Afrika ilikuwa imeungana na Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika kuwa bara moja, Gondwana. Mti uliotawala vinamasi vya bara hilo ni Glossopteris, mmea wa mbegu mwenye majani marefu yenye umbo la ulimi. Majani yake yanapatikana kwenye miamba ya mabara yote hayo, na ni mojawapo ya ushahidi uliowashawishi watu kwamba mabara yaliwahi kushikana.

Kuna kisa chake ambacho hakisahauliki. Mwaka 1912 Robert Scott na wenzake walikufa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Walipopatikana miezi kadhaa baadaye, kwenye vifaa vyao kulikuwa na mawe ya kilo 16 hivi waliyokusanya njiani na hawakukubali kuyatupa hata walipokuwa hoi. Ndani ya mawe hayo kulikuwa na majani ya Glossopteris. Barafu ile iliwahi kuwa na misitu, ya ukoo uleule uliotengeneza makaa yenu.

Glossopteris alitoweka karibu miaka milioni 252 iliyopita, kwenye maangamizi makubwa ya mwisho wa Permian.

Mchangiaji, Kwale

Ndugu mwandishi, nakupinga kidogo. Huku kwetu pwani kuna mtapo. Tumeambiwa huo mti ulikuwepo wakati wa dinosaria, na wewe mwenyewe umesema mimea ya kale ilihitaji chembe za kiume ziogelee. Jamii ya mtapo bado chembe zake zinaogelea. Sasa huo ukiitwa wa kale kosa liko wapi?

Mleta uzi

Pingamizi zuri sana hili ndugu yangu.

Kwanza ulilosema ni kweli. Mwaka 1896 huko Japani, Sakugoro Hirase aliona chembe za kiume za mti wa ginkgo zikiogelea, na mwaka uohuo Seiichiro Ikeno akaziona kwenye sikasi, ndugu wa mtapo. Mtapo wetu, Encephalartos hildebrandtii, uko hivyo pia. Chavua inafika kwenye koni ya kike, inatoa kijimrija, kisha chembe kubwa zenye mikia mingi zinaogelea hatua ndogo ya mwisho ndani ya tone la majimaji ambalo mmea umelitengeneza wenyewe. Angalia umahiri wake: badala ya kusubiri mvua, mti unabeba kidimbwi chake ndani ya mbegu.

Ila tutenganishe vitu viwili, umri wa ukoo na umri wa spishi. Ukoo wa sikasi una visukuku vya zaidi ya miaka milioni 250. Spishi tulizonazo leo, karibu 370, ni jambo jingine. Utafiti wa jeni wa mwaka 2011 uliyapima matawi yake na kukuta nyingi zilitengana ndani ya miaka milioni 12 hivi iliyopita. Dinosaria wakubwa walikufa miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo mtapo wenu hawakuwahi kuuona. Waliona jamaa zake.

Makangaga ni vilevile, na kisa chake kinanigusa zaidi. Aina nyingi za makangaga ya leo zilitokea baada ya misitu ya maua kutanda na kuleta kivuli. Mwanga wa chini ya msitu umechujwa, umebaki zaidi ule wa upande wa wekundu. Makangaga mengi yana protini inayohisi mwanga hafifu wa namna hiyo. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba jeni la protini hiyo halikuzaliwa ndani ya ukoo wa makangaga. Lilitoka kwa honiwoti, vimimea vidogo jamaa wa mosi, likahamia kwa makangaga. Mmea tunaouita duni ndio uliompa kangaga uwezo wa kuishi chini ya miti mikubwa.

Na mosi zenyewe? Tangu mwaka 2018 ushahidi wa jeni umezidi kuonyesha kwamba mosi, honiwoti na livawoti (vimimea vingine vifupi vya mahali penye unyevu) ni ukoo mmoja, ndugu wa mimea yote yenye mishipa. Ndugu, si mzazi. Livawoti hawana stomata, na inaelekea walikuwa nazo wakazipoteza. Usahili mwingine umepatikana njiani, haukurithiwa.

Kuhusu mtapo, nawasihi jambo moja. Jenasi yote ya Encephalartos imezuiwa biashara ya kimataifa chini ya mkataba wa CITES, kiwango cha juu kabisa. Dume na jike ni miti tofauti, na wanahitaji wadudu wao ili kuzaana. Kuna jamaa wake, Encephalartos woodii, aliyepatikana Afrika Kusini mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye: mti mmoja, dume. Jike hajapatikana mpaka leo. Vyote vilivyopo duniani ni vichipukizi vya dume yule. Watu wakitoa mitapo yenu wakaipeleka kwenye bustani za hoteli, mmoja huku mmoja kule, tunaelekea hukohuko. Na mbegu zake zina sumu. Wazee waliozitumia wakati wa njaa walijua namna ya kuzitayarisha, mtu asijaribu kwa kubahatisha.

Mchangiaji, Nyeri

Je, mtarakwa nao? Una vitunda vidogo vya buluu, ndege wanakula. Kwa nini usiwe kwenye mimea ya matunda?

Mleta uzi

Yale si matunda, ni koni ambazo magamba yake yamekuwa manene na kushikana. Tunda la kweli linatokana na ua. Mtarakwa ni wa mbegu uchi, yaani mbegu zisizofungwa ndani ya tunda, pamoja na podo. Nao una heshima yake: katika jamii nzima ya Juniperus, mtarakwa ndio peke yake unaovuka ikweta na kuota kwa asili kusini mwa dunia.

Mchangiaji, Arusha

Hapo kwenye maua ndipo ninapokwama. Kama kila ukoo ulifaulu kwa njia yake, mbona maua yamejaa kila mahali?

Mleta uzi

Yamejaa kweli. Hesabu ya bustani ya mimea ya Kew, London, ya mwaka 2016 iliweka mimea yenye mishipa inayojulikana kwenye spishi 391,000 hivi, na 369,000 kati yake ni ya maua. Makangaga hayazidi sana 10,000, mimea ya mbegu uchi ni kama 1,000. Mosi ni kama 12,000. Darwin mwenyewe, akimwandikia Joseph Hooker mwaka 1879, alilalamika kwamba kutokea kwa haraka kwa mimea ya maua kwenye miamba ni fumbo linalochukiza.

Watu husema wadudu, na wadudu wana mchango mkubwa. Mimi naupa uzito zaidi mshipa wa jani. Chukua jani la mwembe na jani la kangaga, uyashike kwenye mwanga. Mishipa ya mwembe imesongamana mno. Mishipa mingi inaleta maji mengi. Maji mengi yanaruhusu stomata kufunguka zaidi. Hewa ya ukaa inaingia, sukari inatengenezwa kwa kasi. Mmea wa maua unakua upesi na kuzaa upesi. Hata mvua ya misitu ya kitropiki inategemea sana maji yanayotoka kwenye majani hayo.

Ukitaka kuona matawi ya kwanza ya ukoo huu, la kwanza kabisa ni kichaka cha Amborella, kinachoota kisiwa cha New Caledonia peke yake. La pili huhitaji kupanda ndege: ni yungiyungi, yale maua ya madimbwini. Nayo si mababu wa mwembe. Ni binamu walioachana na wengine mapema.

Na mageuko hayajakwisha. Panda Kilimanjaro uone lobelia na zile senesio zenye shina nene kuliko mtu. Mlima wenyewe ni mchanga kwa kipimo cha jiolojia, na mimea ile imebadilika ili kuhimili baridi ya kila usiku na jua la kila mchana.

Mchangiaji, Muheza

Nimekulia karibu na Amani. Wazungu wanakuja kila mwaka kupiga picha maua madogo ya zambarau kwenye mawe. Kwa nini misitu yetu ina vitu ambavyo havipo kwingine?

Mleta uzi

Hayo ni maua ya Usambara, ndugu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, aliyakusanya na kuyapeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akayapa jina la Saintpaulia. Leo yako madirishani dunia nzima, na aina za porini zinaishi kwenye vipande vidogo vya misitu ya Tanzania na Kenya. Mwaka 2015 wataalamu waliyahamishia jenasi ya Streptocarpus, jeni ziliwalazimu.

Sababu ya utajiri wa Usambara, Uluguru, Udzungwa na milima mingine ya Tao la Mashariki ni upepo wa Bahari ya Hindi. Unaleta unyevu mwaka hadi mwaka, na uliendelea kuuleta hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Misitu ya nyanda ikakatika, ya milimani ikabaki, kila mlima peke yake. Spishi zilizokufa kwingine zikapona humo, nyingine zikazaliwa humohumo kwa kutengwa.

Na hatujamaliza kuzijua. Kazi ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda ilianza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, spishi zaidi ya 12,000. Mtu angedhani basi. Mwaka 2025 ukatangazwa mti mpya kutoka Udzungwa, Tessmannia princeps, unaofika mita 40. Mti wa mita 40! Kama mti wa ukubwa huo ulikuwa haujaandikwa, mosi na livawoti za kwenye magome yake nani amezihesabu?

Mchangiaji, mwalimu, Iringa

Nafundisha bayolojia. Hicho kizazi kidogo cha kangaga nakichora ubaoni kila mwaka na sijawahi kuwaonyesha wanafunzi. Maabara yetu haina kitu. Inawezekana?

Mleta uzi

Inawezekana sana mwalimu, tena kwa gharama ndogo.

Tafuta jani la kangaga lenye vidoa vya kahawia upande wa chini. Vidoa viwe vimekomaa ila havijapasuka vyote. Liweke ndani ya bahasha ya karatasi siku mbili tatu mahali pakavu. Utakuta unga wa kahawia chini ya bahasha. Hizo ni spora, na jani moja linaweza kutoa mamilioni.

Chukua udongo laini, umwagie maji yanayochemka ili kuua kuvu na mbegu nyingine, uache upoe. Uweke kwenye chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, nyunyiza spora kidogo sana juu yake, usizifukie. Funika. Weka dirishani pasipo jua kali. Wiki za mwanzo utaona utando wa kijani, kisha vijani vidogo vyenye umbo la moyo. Mpe kila mwanafunzi lenzi aangalie chini yake: kuna vinywele vinavyoshika udongo, na kama mna hadubini mtaona vifuko vya mayai karibu na lile pengo la juu la moyo.

Ukifika hapo, gawa vyombo viwili. Kimoja kinyunyizie maji juu ya vijani mara kwa mara, matone yaonekane kabisa. Kingine kinyweshe kwa kuloweka udongo kutoka chini tu, na ufute matone kwenye mfuniko kila siku. Cha kwanza kitatoa vikangaga. Cha pili vijani vitaendelea kunenepa miezi na miezi bila kuzaa, na hapo wanafunzi wenyewe watakuambia kinachokosekana.